Maji ya Nyuma ya Matete

Asubuhi wanafunzi walipotarajiwa, Mama Kabedi alifagia bustani. Bustani haifagiwi, na yeye alilijua hilo, lakini alikata tawi lenye majani akafagia njia nyembamba zilizopita kati ya matuta, akaokota mifuko ya plastiki iliyoletwa na upepo, akazigeuza bidoni zake za maji mdomo chini ili uchafu wa ndani usionekane. Kisha akaketi juu ya jiwe na kuanza kufunga lenga-lenga, mchicha wake. Alitumia nyuzi alizochana kutoka chandarua cha zamani. Fungu moja kwa kila mwanafunzi, na mawili kwa mwalimu.

Mignonne, binti yake, alikuwa amesimama kando, shati jeupe na sketi ya buluu, akitazama barabara.

“Mama, habakulomba mboga.”

“Najua kama habakulomba. Banakuya ku shamba yetu, batarudia mikono mitupu? Unataka banisemeshe?”

“Banabeba bitabu.”

“Basi bataweka juu ya bitabu.”

Mignonne akageukia tena barabara. Ni yeye aliyeleta jambo hili nyumbani. Darasa lake la biolojia lilipaswa kwenda ziwani Nzilo kwa basi, lakini wazazi walishindwa kutoa pesa ya basi, na Prof Kalumba akasema matembezi ya mwaka huu yatakufa kama ya mwaka jana. Mignonne hakuwa na tabia ya kuinua mkono. Siku ile aliuinua. Alisema mama yake ana bustani kando ya kijito cha Kashimba, mtu anafika kwa miguu, na maji yapo. Darasa zima liligeuka kumtazama. Prof alifurahi, na baada ya kipindi akamwita na kumwambia zaidi: bweni la shule lilikuwa linatafuta mama wa kuleta mboga kila wiki. Akiiona bustani na ikimpendeza, ataongea na prefe, mkuu wa shule.

Maneno hayo Mignonne aliyabeba nyumbani kama mtu anavyobeba yai. Mama Kabedi alikuwa ameyageuza kichwani tangu siku ile. Mnunuzi mmoja wa hakika. Kutokukaa tena kando ya barabara ya soko, ukinyunyizia majani maji ili yasinyauke, huku wanawake wakiyabonyeza kwa vidole na kupita.

Alipomwambia mumewe, Séraphin alikuwa anaziba tundu kwenye buti lake la mpira.

“Njo muzuri,” Séraphin alisema bila kuinua kichwa. “Batakuya siku gani?”

“Ya tano.”

“Bataangalia nini?”

“Bustani. Na badudu ya mu maji.”

“Maji ya fasi gani?”

“Ya Kashimba, Tata Mignonne. Kuko maji ingine?” mkewe alijibu.

Séraphin alipuliza ndani ya buti, akasikiliza upepo unapotokea, akaendelea na kazi yake.

Yeye alikuwa msafishaji wa mawe. Vijana walileta magunia ya udongo wa shaba na kobalti kutoka mashimoni, naye aliutikisa ndani ya kichungio, maji yakimfika mapajani, mpaka matope yaondoke na mawe mazito yabaki kwa ajili ya mnunuzi. Alifanya kazi hiyo chini ya daraja, na bustani ilikuwa juu ya daraja, upande maji yanakotoka. Siku Mama Kabedi alipolima tuta la kwanza walikubaliana: weye chini, mi juu. Hawakuliandika popote. Lakini nyumba yao ilisimama juu ya maneno hayo, kwa sababu kila mtu aliijua rangi ya maji yanayotoka kwenye kichungio, na maji hayapandi.

Wanafunzi walifika wakiwa wamechoka tayari, vumbi jekundu limewafika magotini. Prof Kalumba alitangulia, tai shingoni, viatu mkononi, suruali ameiingiza ndani ya soksi. Alikuwa kijana mwembamba ambaye mshahara wake ulichelewa kama wa wenzake, na ambaye hata hivyo alikuwa ametengeneza mwenyewe wavu wa kukamatia wadudu kwa chandarua na waya wa baiskeli.

“Jambo mama. Tunakuletea kelele.”

“Karibuni, prof. Mukae. Hakuna biti, lakini majani iko.”

Prof alizunguka matuta, mikono nyuma. Aligusa jani la lenga-lenga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Bustani iko safi, mama. Mi sikuwaza kama iko vile.” Mama Kabedi aliangalia chini, lakini Mignonne aliuona uso wa mama yake, na moyo wake ukajaa.

Kilichokosekana ni sahani. Prof alieleza kwamba kinachokamatwa na wavu humwagwa ndani ya chombo cheupe, ili kinachotembea kionekane. Chombo cha shule kilikuwa kimevunjika. Mama Kabedi alifungua kapu lake na kutoa sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, ile ya wageni. Alikuwa ameileta imejaa karanga za kumkaribisha mwalimu. Alizimwaga karanga ndani ya kitenge chake, akaifuta sahani kwa upande wa ndani wa nguo, akampa kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mmoja alishikilia wavu ndani ya maji, mwingine alisimama mbele yake na kuyafukua mawe kwa miguu, ili vilivyojificha chini ya mawe visukumwe na maji mpaka ndani ya wavu. Kisha walimwaga kwenye sahani na kungoja.

Walingoja. Ndani ya sahani kulikuwa na tope la rangi ya kutu. Wakasogea kidogo, wakafukua tena, wakamwaga tena. Vichwa viliinama juu ya sahani mpaka vikagongana. Hakuna kilichotembea.

“Prof,” alisema Gracien, ambaye hakuweza kukaa bila kusema, “hapa hata chura alilomba uhamisho.”

Darasa lilicheka. Mama Kabedi, aliyekuwa mbali kidogo na hakusikia vizuri, alicheka pia, kwa sababu wageni wake walikuwa wanacheka.

Prof hakucheka. Alichota maji kwa kiganja, akayaangalia, akayaacha yamwagike. “Tupande,” alisema. “Tunafanya hivi hivi, fasi kwa fasi, mpaka tuone kintu cha uzima.”

Walipanda kando ya kijito, msururu mrefu. Blandine alitembea nyuma ya Mignonne, akiinua sketi isiguse matope. Mama yake Blandine alinunua mboga kwa Mama Kabedi tangu zamani.

“Mignonne. Hii maji njo munatiaka ku mboga?”

“Ndiyo.”

“Ah bon,” alisema Blandine. Hakusema zaidi. Mignonne angependa aseme zaidi.

Penye kona, matete yalikuwa mengi na marefu kuliko mtu. Mignonne aliisikia sauti kabla ya kuona chochote. Mchanga ukitikiswa, mara mbili, kisha pigo moja. Wasafishaji wote hutikisa, lakini ni mtu mmoja tu aliyemjua anayegonga kichungio kwenye paja baada ya kutikisa mara mbili. Alikuwa ameisikia sauti ile tangu utotoni, alipokuwa anapeleka chakula chini ya daraja.

Nyuma ya matete walikuwa wanaume watatu ndani ya maji. Magunia yalipangwa ukingoni, na maji yaliyowapita yalikuwa mekundu, mazito kama uji. Wa katikati alivaa kofia ya buluu. Aliziona sare kwanza, kisha macho yake yakatafuta uso mmoja kati ya nyuso zote, yakaupata. Séraphin akaangalia ndani ya kichungio chake. Mignonne akaangalia wavu.

Mtoto wa kwao hampiti baba yake bila kumsalimu, hata akiwa na hasira, hata akiwa mgonjwa. Mignonne alimpita.

“Jambo batata,” Prof aliwasalimu wale kina baba. “Mutusamehe. Tunatafuta badudu.”

“Badudu ya pesa ao badudu ya kweli?” aliuliza mmoja wa wanaume. “Ya pesa, mukiona, mutuite.”

“Muko munafanyia hapa tangu zamani?”

“Hapana, prof. Tulikuwaka chini ya daraja. Askari balitufukuza. Mvua ikianza, batasahau, tutashuka.”

Mwenye kofia ya buluu hakujibu neno. Aliutikisa udongo wake, mara mbili, akakumbuka, akaacha kugonga.

Hatua chache juu yao kijito kilikuwa kingine. Mawe ya chini yalionekana. Wanafunzi walifukua, wakamwaga, na sahani ikachemka. Viluwiluwi, watoto wa kereng’ende, kamba wadogo wasio na rangi, na wadudu wembamba wenye mikia mitatu waliokimbia ukingoni mwa sahani wakitafuta kivuli. Wasichana walipiga kelele. Gracien aliingiza kidole na kukitoa haraka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kwa darasa lile kuona kitu ambacho hapo awali kilikuwa mchoro ubaoni, na Prof Kalumba, akiwa amepiga magoti kwenye tope na tai yake imelowa, alionekana kwa muda mfupi kama mtu asiyedai chochote duniani.

“Huyu wa mikia mitatu,” alisema, “anaishi tu mu maji ya muzuri. Ukimutia mu ile ya chini, anakufa. Njo shahidi yetu.” Alimtia ndani ya chupa ya kioo pamoja na maji yake na jiwe dogo, akampa Mignonne. “Kamata, kwa sababu ni weye ulitupatia fasi. Siku ya kwanza utaileta ku kalasi.”

Kisha akasimama na kuonyesha kwa fimbo. “Basi. Hapa uzima iko. Kule chini haiko. Katikati kuko nini?”

“Bale batata,” alisema Gracien.

“Tusiseme batu,” alisema Prof. “Tuseme kazi. Muandike kazi.”

Mignonne aliandika kazi. Alimshukuru mwalimu moyoni.

Waliporudi, mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya kitenge, mistari miwili, majani upande mmoja na mizizi upande mwingine. Mama Kabedi alikuwa ameyanyunyizia maji yang’ae.

Prof alijishughulisha kuukunja wavu. Wanafunzi walisimama vikundi vikundi, wakinong’ona. Gracien ndiye aliyemwendea mama. Hakuwa mbaya, alimwona amekaa peke yake na akataka kumsaidia.

“Mama, tuliona sababu. Maji yako inaharibika kwa sababu ya bale banasafishaka majiwe.”

“Bale bako chini ya daraja, mwanangu. Maji ya chini haipande.”

“Hapana, mama. Bako juu, nyuma ya matete. Batatu. Moja wa kofia ya buluu, ule hata hakutujibu.”

Mama Kabedi alimtazama Gracien. Kisha akamtazama Mignonne. Mignonne alikuwa ameinamisha kichwa juu ya chupa yake, kana kwamba mdudu yule mdogo alikuwa amemwuliza swali gumu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Mama Kabedi akainama, akachukua fungu la kwanza.

“Kamata, mwanangu,” alimwambia Gracien. “Usalimie mama yako.”

Walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili, kila mmoja akasema aksanti mama. Walikuwa watoto waliolelewa vizuri. Blandine alipokea lake na kulishika mbali na shati. Prof alipokea mawili. Wanafunzi walipokwisha kuelekea barabarani, Mama Kabedi alimshika mwalimu mkono wa shati, kidogo tu, na kuuachia mara moja.

“Prof. Mi niuzishe ao nisiuzishe?”

“Mama, sisi tuliangalia badudu tu. Mboga ni ingine. Ingepashwa kupima mu laboratwari.”

“Laboratwari iko wapi?”

“Lubumbashi. Labda.”

“Basi, leo, unaniambia nini?”

Prof Kalumba aliangalia mafungu mikononi mwake. Alikuwa amesoma miaka mingi ili watu wamwulize maswali ya namna ile.

“Mi sijue, mama,” alisema. Kisha, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi: “Ile ya prefe, tungojee kwanza.”

“Aksanti, prof,” alisema Mama Kabedi. “Mufike salama.”

Mignonne alibaki kuosha sahani, kisha akafuata njia ya barabarani, chupa mkononi. Mama yake alisema atakuja nyuma.

Fungu la kwanza alilikuta kwenye kichuguu. Halikutupwa. Liliwekwa juu ya majani makavu, uzi wake haujafunguliwa, kama mtu anavyoweka chini kitu cha mtu mwingine. La pili lilikuwa ndani ya nyasi. La tatu na la nne yalikuwa pamoja, maana marafiki wawili walikuwa wametembea pamoja. Baada ya hapo watoto walikuwa wameacha aibu: mafungu yalilala katikati ya njia, mengine yamekanyagwa, moja limening’inia kwenye mti mdogo kama mzaha. Mbali kuliko yote, karibu na lami, yalikuwa mafungu mawili yaliyofungwa pamoja. Prof alikuwa ameyabeba mpaka aliposhindwa.

Mignonne aliweka chupa chini na kurudi nyuma. Aliyaokota yote, moja baada ya jingine, akiyapanga mikononi kama kuni. Mama yake angepita njia hii hii.

Alikuwa bado ameinama aliposikia gurudumu la baiskeli likilia. Séraphin alikuwa anaisukuma, gunia limefungwa nyuma, suruali yake imelowa. Alisimama. Aliyaangalia mafungu, akaiangalia njia, akaelewa.

“Haukunisalimia,” alisema.

“Na weye, tata, haukunisalimia.”

“Mi nilitaka benzako basijue.”

“Habakujua.”

Séraphin alisimamisha baiskeli kwenye mti, akaokota fungu lililoning’inia. Waliendelea kuokota wote wawili, yeye upande huu wa njia, binti upande ule.

“Baliacha zote?”

“Ya Blandine sijaiona.”

“Blandine ni nani?”

“Ule anaogopaka uchafu.”

“Labda mbuzi ilikula,” alisema Séraphin, na Mignonne karibu acheke.

Waliyaweka mafungu juu ya gunia la mawe. Pembeni ya njia kulikuwa na shimo la zamani la wachimbaji, refu, limeachwa wazi. Séraphin alilitazama.

“Tuyatupe mule. Mama yako asione.”

“Mama anajua, tata.”

“Anajua nini?”

“Kama uko juu.”

Séraphin alishika usukani wa baiskeli. “Ni weye ulimwambia?”

“Ni Gracien. Hakujua kama ni weye. Mi sikusema kintu.”

“Njo vile alijua,” alisema Séraphin taratibu.

Walikuwa bado wamesimama kando ya shimo Mama Kabedi alipotokea, beseni kichwani, akitembea kwa mwendo wake wa kila siku. Hakuharakisha na hakupunguza. Alipowafikia aliyaangalia mafungu yake juu ya gunia, nyuzi za chandarua, majani yaliyokanyagwa. Aliyaangalia muda mrefu kuliko alivyomwangalia mumewe.

“Tuende,” alisema. “Bukari haijapikwa.”

Jua lilikuwa bado halijashuka walipofika nyumbani. Mama Kabedi aliketi mlangoni, akayavuta mafungu karibu, akaanza kuyafungua. Kila uzi aliufungua kwa kucha bila kuukata, akaunyosha juu ya goti lake. Majani aliyatupa kwenye rundo la takataka. Séraphin alisimama mbele yake, kofia mkononi.

“Tulisema nini, Tata Mignonne?”

“Askari balitufukuza. Ningepeleka kichungio wapi?”

“Mi sikuulize askari. Tulisema nini?”

“Weye juu,” alisema Séraphin. “Mi chini.”

Uzi mwingine ukanyoshwa.

“Ungeniambia.”

“Ungeacha bustani.”

“Ningepanda juu kuchota. Ao ningeacha. Lakini ningejua.” Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu za kuipandisha. “Batu banakula ile mboga. Sisi tunakula. Mutoto wako anakula.”

“Nilisema mvua itakuya, itasafisha.”

“Na mvua iko wapi?”

Séraphin aliangalia mbingu, kwa sababu aliulizwa, kisha akaona aibu ya kuangalia. Mignonne alikuwa anawasha makaa nyuma ya nyumba na alisikia yote. Chupa yake ilikuwa dirishani. Mdudu wa mikia mitatu alishikilia jiwe lake, ubavu wake ukipepea kidogo.

“Kesho nitangoa matuta yote,” alisema Mama Kabedi.

“Yote? Hata ile ya kuuzisha kesho ku soko?”

“Yote. Nitapanda mupya. Na weye utabeba maji. Utachota juu yenu, juu ya ile fasi batoto baliona badudu. Bidoni zote.”

“Na majiwe?”

“Ukimaliza bidoni, utaenda ku majiwe.”

“Mpaka mboga iote tutakula nini?”

Mama Kabedi aliuweka uzi wa mwisho juu ya wengine, akausokota pamoja nao, akauingiza ndani ya fundo la kitenge chake.

“Majiwe yako,” alisema. Hakuwa anamdhihaki. Ndicho kilichobaki.

Asubuhi yake, Mama Kabedi na Mignonne walipofika bustanini, bidoni zilikuwa zimepangwa kwenye mstari, zimejaa. Séraphin alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye jiwe, mikono imelegea magotini. Kutoka matete mpaka bustani si mbali kwa mtu anayetembea mikono mitupu. Kwa mwenye bidoni mbili, kila safari, ni mbali. Njia yote ilikuwa na alama za matone.

“Nilichota juu,” alisema.

“Sawa,” alisema Mama Kabedi.

Alifungua kapu na kutoa sahani nyeupe. Akaenda kwenye bidoni iliyokuwa mwisho wa mstari, akamimina maji ndani ya sahani, akanyoosha mkono kwa Mignonne. Mignonne alimpa chupa. Mama aliyamwaga maji ya chupa polepole kati ya vidole vyake mpaka mdudu akabaki kiganjani, kisha akamweka ndani ya sahani.

“Unanipima?” aliuliza Séraphin.

“Sipime weye. Napima maji.”

Aliiweka sahani kivulini, akaingia kwenye tuta la kwanza na kuanza kung’oa. Lenga-lenga zilitoka kwa urahisi, zilikuwa zimelelewa vizuri, udongo wake laini. Mignonne alianza upande wa pili. Rundo la majani mabichi lilikua kando ya njia ambayo Mama Kabedi alikuwa ameifagia kwa ajili ya wageni.

Kutoka matete walisikika wenzake Séraphin wakipiga mluzi wa kumwita. Magunia yalikuwa yamefika. Séraphin alijikokota mpaka kwenye sahani, akachuchumaa mbele yake kama watu wanavyochuchumaa nje ya mlango wa hospitali. Mdudu alikuwa ametulia katikati ya sahani. Mikia yake mitatu haikutikisika. Séraphin alipuliza maji kidogo. Hakuna. Akageuza kichwa upande mmoja, akakigeuza upande mwingine. Alipiga hesabu ya asubuhi yake: safari za kwanza alizokwenda mbali kabisa, penye mawe yanayoonekana, kisha mabega yakaanza kuuma, kisha safari ya mwisho.

Mluzi ulilia tena.

“Mama Mignonne,” alisema.

“Eeh.”

“Hii bidoni ya mwisho.” Alifuta uso kwa mkono uliolowa. “Hii ya mwisho nilichota karibu. Juu yetu kidogo tu. Nilichoka.”

Mama Kabedi alisimama kati ya matuta, mizizi ikining’inia mkononi. Alimtazama mumewe: magoti yaliyojaa tope, kofia ya buluu iliyopauka, macho ya mtu ambaye tangu siku nyingi hakuwa amesema jambo lililomgharimu.

Séraphin hakungoja aambiwe. Alisimama kwa shida, akaiinua bidoni ya mwisho, akaimwaga yote njiani, mbali na udongo wa matuta. Akaitikisa mpaka tone la mwisho. Kisha akaianza tena njia ya kupanda, bidoni tupu ikigonga paja lake, akawapita wenzake waliokuwa wanamwita kutoka nyuma ya matete, akaendelea juu.

Mignonne alisogea kwenye sahani na kuchungulia. Mdudu wa mikia mitatu alikuwa ameinua kichwa. Alinyosha mguu mmoja, kisha mwingine, akakimbia kuzunguka ukingo wa buluu, akitafuta jiwe lake.

“Mama,” alisema haraka, “iko muzima. Maji iko muzuri. Nimuite tata?”

Mama Kabedi alikuja, akainama, akamtazama mdudu akizunguka. Juu, kwenye kona, mgongo wa Séraphin ulikuwa bado unaonekana, mdogo, umeinama upande wa bidoni.

“Hapana,” alisema. “Muache afike.”

Akarudi kwenye tuta.